Taa ya chaji kwa gari ya zamani yenye dainamo: maswali ambayo huwa naulizwa kila wiki

Tangu nirudishe Morris Minor yangu barabarani hakuna wiki inaisha kabla mtu hajanipigia simu juu ya hiyo taa nyekundu ya dashibodi. Mmoja ana Land Rover ya babu yake, mwingine Beetle, juzi nimepigiwa na mzee wa Limuru mwenye trekta ya Massey Ferguson 135, na maswali ni yale yale. Sasa nimeyaweka pamoja. Volti zote nitakazotaja ni za mfumo wa 12, kama yako ni ile ya kale ya volti 6 wewe gawa kwa mbili.

Kwani hiyo taa hufanya kazi aje?

Balbu iko na miguu miwili. Mguu mmoja unatoka kwa swichi ya funguo, yaani unapata stima ya betri ukigeuza funguo. Mguu wa pili umefungwa kwa D ya dainamo, ile terminali stima inatokea. Hauendi kwa bodi, yaani chuma ya gari ambayo stima hurudia betri, na hapo ndipo mafundi wengi wa siku hizi wanapotea.

Chukulia yale matangi meusi tunaweka juu ya nyumba kungoja siku ya mgao wa maji. Una mawili, yameunganishwa chini na mpira. Moja ikijaa na ingine ikiwa tupu, maji yanakimbia kwa mpira. Zikilingana maji yanatulia, hata kama zote zimejaa mpaka juu. Balbu ndiyo huo mpira. Injini ikiwa imezima upande wa betri uko na volti 12, upande wa dainamo hauna kitu na tena njia ya kufika bodi iko wazi kupitia brashi (vipande vya kaboni) na amecha (ile sehemu inayozunguka ndani ya dainamo), kwa hivyo stima inapita na taa inawaka. Ukistati na ukanyage mafuta kidogo dainamo inapanda, pande zote mbili zinakuwa na volti karibu sawa, stima haina sababu ya kutembea, taa inazima.

Kwa hivyo taa ikizima haijasema betri inachajiwa. Imesema pande mbili zimelingana, basi. Shika hilo, juu karibu kila swali hapa chini linarudi hapo.

Nafunga waya wapi hasa?

Kama una boksi ya regyuleta, ile inayosimamia chaji, ya zamani ya kampuni ya Lucas, ile RB106, utaona terminali zimeandikwa A, A1, F, D na E. Waya moja nyembamba inatoka D hadi kwa holda ya balbu, na ingine inatoka kwa holda hadi kwa terminali ya swichi inayopata stima funguo ikiwashwa. Imeisha. Kama boksi yako ni RB340 kuna mahali pameandikwa WL, tumia hapo, ndani imeungana na D. Kwa Beetle na gari zingine za Bosch ni terminali ya 61 kwa regyuleta, na waya yake ya kiwandani huwa ya buluu.

Rangi za Lucas zikiwa hazijaguswa zinasaidia sana: nyeupe ni ya ignisheni, kahawia ni ya betri moja kwa moja, nyeusi ni ya bodi, na ya dainamo ni ya njano, ama kahawia yenye mstari wa njano kwa gari za baadaye. Lakini gari ikishapita kwa mafundi watano wa waya hapa Nairobi usiamini rangi, amini mita. Yangu ilikuwa na waya nyekundu tupu kutoka mbele hadi nyuma, nafikiri mtu alikuwa amepata roli moja kwa bei nzuri.

Waya ya unene gani?

Balbu ya wati 2.2 inakula ampia 0.18 tu, hata waya ya milimita 1 mraba ni nyingi. Usichanganye na ile waya nene ya D inayotoka dainamo hadi boksi, hiyo inabeba chaji yote, na kwa dainamo ya Lucas C40 ni hadi ampia 22. Niliona Land Rover moja hapo Industrial Area imefungwa waya ya spika hapo kwa D, ilikuwa imeyeyuka ganda lote.

Nimefunga vile umesema na taa inawaka tu bila kuzima, hata nikikanyaga.

Angalia holda kwanza kabla hujamlaumu dainamo. Taa zingine za dashibodi, kama za kumulika spidomita, huwa na waya moja na chuma ya holda yenyewe ndiyo inagusa bodi. Ukitumia holda ya aina hiyo kwa taa ya chaji umeshapeleka mguu wa pili kwa bodi, basi itawaka maisha. Lazima holda iwe ya waya mbili na isiguse chuma ya dashibodi popote. Mimi huchomoa ile waya nyembamba ya D kwa boksi, naacha ikining'inia, halafu nawasha funguo. Taa ikiwaka bado, kosa liko kati ya hapo na dashibodi. Ikizima, kosa liko upande wa dainamo na boksi.

Ukifika upande wa dainamo anza na fanbelti. Ibonyeze kwa kidole katikati ya puli mbili, inafaa iingie kama sentimita moja na kitu. Ikiingia kama kamba ya kuanika nguo, kaza.

Nitajuaje dainamo yenyewe ni nzima?

Hii ni ya Lucas, usiifanye kwa Beetle. Chomoa waya zote mbili kwa dainamo, D ile kubwa na F ile ndogo ya koili za sumaku. Unganisha D na F na kipande kifupi cha waya. Mita yako mguu mmoja hapo, mwingine kwa bodi. Stati injini iwe inanguruma polepole, ongeza mafuta taratibu sana ukiangalia mita. Volti inafaa ipande haraka bila kurukaruka, na ikifika 20 acha hapo hapo, usiendelee kuona itafika wapi juu hakuna kitu inaizuia na utachoma koili.

Mita isiposoma chochote, fungua uangalie brashi. Ikisoma nusu volti ama volti moja tu, shuku fildi koili, zile za sumaku. Ikikwama kwa volti 4 ama 5, amecha ndiyo mgonjwa.

Mimi yangu ilikuwa haisomi kitu. Nilitoa zile bolti mbili ndefu, nikavuta sahani ya nyuma, na vumbi jeusi la kaboni likanimwagikia kwa mkono kama unga wa makaa. Brashi moja ilikuwa imekwama ndani ya nyumba yake, ukiivuta na kidole haitoki, spring inasukuma bure. Nikaisugua pande zote kwa msasa laini, nikapanguza nyumba yake na kitambaa chenye petroli, ikaanza kuteleza. Komuteta, ile shaba ya amecha inayosuguliwa na brashi, nayo nikaipangusa mpaka shaba ikaonekana. Kazi ya saa moja, na nilikuwa nimeshaambiwa nitafute dainamo ingine.

Ukiwa hapo nyuma, tafuta kitundu kidogo cha mafuta kwa bushi. Matone mawili matatu ya oili ya injini kila sevisi. Si kijiko, matone, juu ikizidi inaenda kulowesha brashi.

Taa inawaka kidogo injini ikiwa chini, nikiongeza mafuta inazima. Ni mbaya?

Hapana, dainamo ndivyo ilivyo. Kwenye foleni ya Mombasa Road utaiona inamulika kama jicho la paka. Alteneta ya gari za kisasa inachaji hata gari ikisimama, dainamo inataka mwendo.

Na ikiwaka kwa umbali, yaani mwanga hafifu sana, gari ikiwa mbio?

Hapo pande mbili hazijalingana kabisa. Mara nyingi kuna mahali stima inapotea njiani: terminali yenye kutu, swichi ya funguo iliyochoka, fyuzi iliyolegea, ama vidole vya kata-auti (swichi ya ndani ya boksi inayounganisha dainamo na betri) vimechafuka. Weka mita kati ya D na terminali ya swichi injini ikiwa imeongezwa mafuta, usipeleke mguu wowote kwa bodi. Ikisoma zaidi ya nusu volti anza kufuata waya ukipima kipande kwa kipande mpaka uone pale inaruka. Usiku ndiyo utaona huo mwanga, mchana jua likiwa kwa dashibodi hutajua.

Naweza kuweka LED? Ziko tele Luthuli na hazichomeki.

Unaweza, lakini mimi nilitoa yangu na nitakuambia kwa nini.

Morris ilikuwa imetoka tu kupigwa rangi, krimu nzuri sana, hata majirani walitoka kuangalia. Nikaweka LED kwa taa ya chaji nikaifunga upande sawa. Funguo ikiwashwa inawaka, nikikanyaga inazima, nikaona mambo shwari. Ijumaa jioni nikatoka mjini na Waiyaki Way mvua ikinyesha, taa kubwa, waipa, feni, kila kitu. Kufika Kangemi waipa zikaanza kwenda kama mzee anapanda ngazi, taa za mbele zikawa rangi ya chai ya maziwa, na kabla ya Uthiru gari ikakohoa ikazima. Kwa dashibodi hakuna kitu chekundu. Hata kidogo. Nikasukumwa hadi kando na vijana wawili waliokuwa wanangoja matatu, mmoja akaniuliza kama gari ni ya harusi.

Kesho yake nikafungua kifuniko cha boksi. Vidole vya kata-auti, vile vinafaa viungane dainamo ikifika kama volti 13, vilikuwa na rangi ya krimu. Ile ile ya boneti. Mtu alikuwa amenyunyiza rangi kifuniko kikiwa kimetolewa. Kwa hivyo dainamo ilikuwa nzima, inapanda mpaka kama volti 16, lakini stima haivuki kwenda kwa betri, na betri inaendelea kushuka. Pande mbili hazikulingana, sema tu safari hii upande wa dainamo ndio ulikuwa juu. Balbu ya kawaida haijali stima inatoka wapi kwenda wapi, ingewaka hafifu na ingezidi kuwaka vile betri inakufa. LED inapitisha upande mmoja tu, ikanyamaza.

Nilikwangua rangi kwa wembe, nikapitisha karatasi ngumu katikati ya vidole mpaka ikatoka safi, na nikarudisha balbu ya wati 2.2. Hiyo unaipata Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, ya kufunga kwa kuzungusha. Ikichomeka utajua, juu kila ukiwasha funguo inafaa iwake, isipowaka anza kuishuku yenyewe.

Funguo ikiwashwa taa haiwaki kabisa.

Balbu, ama waya imekatika, ama brashi ya dainamo haigusi. Chomoa ile waya nyembamba ya D kwa boksi, igusishe bodi. Ikiwaka, balbu na waya ziko sawa, nenda uangalie waya nene ya D na brashi.

Hii ni ajabu: nikizima funguo taa ndiyo inawaka, nikiwasha inazima!

Toa terminali ya betri sasa hivi, halafu urudi usome.

Vidole vya kata-auti vimeshikana na havijaachana. Betri inamwaga stima yote kwa dainamo, na dainamo ikiwa imesimama ni kama umeunganisha betri na bodi. Waya inaweza kuwaka moto. Ukiwasha funguo pande zote mbili za balbu zinakuwa na volti ya betri ndiyo maana inazima, ukizima funguo upande wa D bado uko na betri na stima inapitia balbu kutafuta njia kwa koili na vitu vingine. Inua kifuniko, achanisha vidole kwa kijiti kikavu betri ikiwa imetolewa, na kama vimechomeka vibaya badilisha boksi.

Kuna kisa kingine kinachofanana, lakini hicho si hatari: mtu amefunga waya ya taa kwa A badala ya D. A iko na betri saa zote. Dawa yake ni kuhamisha tu.

Fundi amenifungia upande wa pili kwa betri moja kwa moja, si kwa swichi, ati ni sawa tu.

Si sawa. Taa itawaka gari ikiwa imelala, stima inapitia dainamo kwenda bodi. Ampia 0.18 kwa saa 24 ni zaidi ya ampia-saa 4 kila siku, na betri ya 50 ukiiacha wiki moja ukienda ushago ukirudi haitapiga stata.

Gari yangu chanya ndiyo iko kwa bodi. Inabadilisha kitu?

Kwa balbu hapana, funga vile vile. Morris, Land Rover za mwanzo na gari nyingi za Uingereza za miaka ya 50 zilikuja hivyo. Mita ya dijitali itaandika alama ya kutoa mbele ya namba, usishtuke. Shida iko kwa LED, redio, na kwa yule atakuja kukupa stima na jampa akidhani nyeusi huwa kwa bodi siku zote. Mimi nimeandika kwa rangi nyekundu juu ya betri: CHANYA NI BODI.

Ukitaka kugeuza iwe hasi kwa bodi, dainamo haibadilishwi, inafundishwa upya. Geuza betri, badilishana waya mbili ndogo za koili ya ignisheni, kisha kwa dainamo ya Lucas toa waya ya F, chukua waya ndefu kutoka upande wa betri ambao hauko kwa bodi, igusishe F mara mbili tatu haraka haraka, utaona cheche ndogo. Ukisahau hiyo hatua dainamo itatoa stima kinyume, na dalili yake ni taa kuzidi kuwaka kadiri unavyokanyaga mpaka balbu inapasuka. Vidole vya kata-auti navyo hapo huwa vinaungua.

Mimi niko na Beetle, yote haya yananihusu?

Mengi ndiyo, lakini kipimo cha kuunganisha D na F usijaribu, kwa Bosch ya Beetle DF (ndiyo F yao) inapelekwa bodi wakati wa kupima, si kwa D. Na kuna jambo moja kubwa kuliko yote. Kwa Beetle fanbelti inayozungusha dainamo ndiyo hiyo hiyo inazungusha feni ya kupoza injini, feni iko kwa shafti ya dainamo. Taa ya chaji ikiwaka ghafla ukiwa mwendo, simama kando hapo hapo uangalie belti. Hata kama ni juu ya flaiova. Injini inayopozwa na hewa tu haitakungoja ufike petroli stesheni.

Nikibadilisha niweke alteneta, hiyo taa bado inahitajika?

Sana, kuliko hata kwa dainamo. Dainamo iko na sumaku kidogo iliyobaki ndani inayoianzisha yenyewe, ukitoa balbu bado itachaji. Alteneta nyingi zinangoja stima inayopita kwa hiyo balbu ndiyo ziamke. Balbu ikichomeka unaweza kutembea siku nzima bila chaji. Waya ile ya D inahamia kwa terminali ya IND ama D+ ya alteneta, boksi ya zamani unairuka, na hasi lazima iwe kwa bodi. Mimi binafsi sijabadilisha, napenda mlio wa dainamo, lakini kama gari yako ni ya kila siku na unatembea usiku sitakucheka.

Kwa hivyo nitajuaje betri inachajiwa kweli, kama taa haisemi?

Nunua kigeji cha volti. Asubuhi kabla ya kustati betri nzima inasoma kama 12.6. Injini ikiwa imeongezwa mafuta inafaa ipande ipite 13, na ikielekea 14 na kitu ndiyo raha. Ikibaki 12 ama ishuke, hakuna chaji, hata taa iwe imezima namna gani.

Taa imewaka niko njiani, naweza kufika nyumbani?

Kama si Beetle, na fanbelti iko, na ni mchana, mara nyingi ndiyo. Ignisheni ya pointi inakula kama ampia 3 ama 4, betri yenye afya itakubeba masaa kadhaa. Zima redio, feni, kila kitu, na usizime injini hata ukisimama, juu stata ndiyo inakula kuliko vyote. Usiku ni hesabu ingine, taa kubwa peke yake zinaongeza ampia 8 ama zaidi na utaanza kuona barabara inafifia. Belti ikiwa imekatika usiendelee kwa gari yoyote, inazungusha pampu ya maji pia. Mimi nimeshatoka Thika hadi Ngara hivyo, saa sita mchana, vioo vimefunguliwa, na pale foleni ya Pangani nilikuwa nimeshikilia mafuta na mguu mmoja kama mtu anashona na cherehani.